Kumbi Kongwe na Mikono ya Mafundi

Nimeombwa kuzungumza juu ya kumbi kongwe za muziki za mjini Unguja, na juu ya rai inayokaririwa siku hizi katika mikutano mingi kwamba zifufuliwe. Na kwa kuwa rai hiyo siipingi bali nailaumu kwa upungufu wake, mtaniwia radhi nianze mbali kidogo, katika karne ya kumi na tisa, isije ikadhaniwa kwamba lawama yangu ni ya mtu aliyeamka na ghadhabu.

Sayyid Barghash bin Said, aliyetawala Unguja tangu mwaka 1870 hata 1888, alikuwa mtu wa majengo, na mashuhuri kuliko yote aliyoyasimamisha ni Beit el Ajaib, kasri ya mwaka 1883 yenye roshani zinazotazama bahari. Walakini sifa ninayotaka kumpa leo si ya mawe. Wapokezi wa historia ya taarabu husimulia kwamba Sayyid huyo, baada ya kuonja muziki wa Misri na kuupenda, hakuridhika na kuwakodi wapigaji wa kigeni waje watumbuize kasrini kisha wapande merikebu warudi kwao. Alimteua kijana, jina lake Mohamed Ibrahim, akamgharimia safari ya Kairo akajifunze kupiga kanuni, na aliporejea akawa mwalimu wa wengine. Utazameni vyema mpango huo. Baraza lilikuwapo, mazulia yalikuwapo, wasikilizaji walikuwapo, na fedha haikuwa haba. Kilichokosekana kilikuwa mikono, na mwenye kasri akatoa fedha yake kwa ajili ya mikono. Tarehe 25 Desemba 2020, Beit el Ajaib ikiwa katika matengenezo, sehemu yake kubwa iliporomoka, na watu wawili waliokuwa kazini wakafariki dunia, Mwenyezi Mungu awarehemu. Lakini elimu ile iliyoletwa kutoka Kairo ingali ikisikika katika mitaa ya Malindi na Vuga.

Baada ya kasri vilikuja vilabu. Mwaka 1905 vijana wa mjini waliunda Ikhwani Safaa, chama kilicho hai hadi leo, wakachangishana kwa kuagizia ala. Na mwaka 1958 kikazaliwa, kwa jina la Shime Kuokoana, chama kilichokuja kujulikana kwa jina la Culture Musical Club. Aliyepita chini ya madirisha ya vilabu hivyo baada ya magharibi alidhani anasikia mazoezi, na kweli yalikuwa mazoezi, lakini yalikuwa vilevile darasa lisilo na ubao wala daftari: kijana huketi nyuma ya wote, hupewa rika au dumbaki ashike mapigo, hukemewa akiharakisha, na baada ya miaka kadhaa ya subira huruhusiwa kuigusa fidla ya mzee ambaye usiku ule amechelewa kufika. Hapakuwa na ada, wala cheti, wala mshahara. Mpiga udi mchana alikuwa karani, mpiga fidla alikuwa seremala, mwimbaji alikuwa mshoni. Muziki ulikuwa ni mapenzi na heshima, na chakula kilitoka penginepo. Siti binti Saad mwenyewe, mzaliwa wa Fumba, aliyekuwa akitembeza vyungu kabla ya sauti yake kumpeleka Bombay mwaka 1928 kutiwa katika sahani za santuri, hakufunzwa na chuo chochote ila na wapigaji waliomkubali. Na Shaaban Robert, alipoyaandika maisha ya Siti, hakuona haya kumfanya mwimbaji kuwa mfano wa kuigwa.

Utaratibu huo ulitosha maadamu karani alipata wasaa jioni na seremala alipata kazi mchana. Haukutosha tena maisha yalipopanda bei na vijana wakalazimika kuchagua baina ya fidla na mkate. Hapo ndipo, kwa maoni yangu, kumbi zetu zilipoanza kufa, na zilikufa kwa ndani kwanza, miaka mingi kabla ya mapaa yao kuvuja.

Nitatoa mfano mmoja, nao ni jengo la senema la Majestic. Lilijengwa mara ya kwanza katika miaka ya 1920, likiitwa Royal. Likaungua katika miaka ya 1950, na likasimamishwa upya kwa ule mtindo wa mistari iliyonyooka na pembe zilizoviringwa ambao wasanifu wa zama zile waliuhusudu. Najua yupo atakayesema kwamba senema si ukumbi wa muziki, na kwamba nimetoka nje ya mada. Hasha. Filamu za Misri na za Bara Hindi ziliwafundisha wapigaji wetu tuni nyingi kuliko mwalimu yeyote aliyepata kuvaa kanzu. Na yalikuwapo maonyesho ya wanawake peke yao, ambayo mabibi waliyaendea makundi kwa makundi, wakaketi humo wakimsikiliza Umm Kulthum au Abdel Wahab, wakarejea majumbani na wimbo mzima kifuani, hata juma lisiishe kabla haujaimbwa arusini kwa maneno ya Kiswahili. Ikiwa hiyo si kazi ya ukumbi wa muziki, basi sijui ukumbi wa muziki ni nini. Jengo hilo limekaa gofu kwa miaka mingi, na jumuiya ya Hifadhi Zanzibar imejitwika jukumu la kulirejesha. Nawaombea tawfiki. Ninachouliza ni hiki: siku litakaporejeshwa, nani atafanya kazi humo?

Swali hili si la kufikirika, kwa sababu jaribio la kulijibu tumekwisha kuliona kwa macho yetu. Mwaka 2002 Chuo cha Muziki wa Nchi za Jahazi, ambacho wengi hukiita kwa herufi zake za Kiingereza, DCMA, kilifungua milango yake, kikapata makao katika Forodha Kongwe, ufukweni mwa Mizingani. Nyumba ambamo zamani watu walipanda ngazi kwa huzuni, kwenda kutoa ushuru, ikawa watu hupanda kwa furaha, wamebeba udi mabegani. Walifundishwa humo kanuni, fidla, nai, kodiani, ngoma na kidumbaki. Na walifundishwa kusoma nota, jambo lililowatia baadhi ya wazee wetu mashaka makubwa, wakasema kwamba sauti ya pili ya maqamu ya Bayati, ambayo si ya juu wala si ya chini, haiwezi kufungwa ndani ya mistari mitano ya Wazungu, na kwamba mtoto atakayezoea kutazama karatasi atasahau kusikiliza. Mashaka hayo sikuyadharau, na hata leo siyadharau. Walakini chuo hakikuwatupa wazee: Mzee Idi Abdulla Farhan alifundisha humo, na Mohamed Issa Haji, ambaye mji wote humwita Matona, alifundisha humo, hata mwanafunzi akapata nota kwa jicho na maqamu kwa sikio. Na nota ina faida moja ambayo sikio haliwezi kuitoa: mpigaji aizoeaye hupelekwa Dar es Salaam, au Oslo, au popote penye kazi, akaketi na watu asiopata kuwaona, na usiku ule ule akapiga nao. Hiyo ni riziki.

Faida nyingine haikutarajiwa na wengi, nayo ni ya mabinti. Mzazi wa hapa aliyeambiwa kwamba bintiye anakwenda kuimba alisikia, masikioni mwake, neno uhuni. Mzazi yule yule, akiambiwa kwamba bintiye anakwenda chuoni, saa zake zinajulikana, mwalimu wake anajulikana, na mwisho wake ni cheti, alinyamaza, na mzazi kunyamaza ni nusu ya idhini. Simaanishi kwamba mabishano majumbani yalikoma. Lakini mwaka 2009 Bibi Maryam Hamdani aliunda Tausi, taarabu ya wanawake watupu kuanzia mwimbaji hata mpiga kanuni, na mwaka 2015 Amina Omar Juma na wenziwe waliopitia chuo hicho wakaunda Siti and the Band, wakachukua jina la yule bibi wa Fumba na kulitembeza nchi za mbali. Katika vilabu vya zamani mwanamke aliruhusiwa sauti. Ala zilikuwa za wanaume. Mlango huo ulifunguliwa na chuo, kwa ufunguo ambao klabu haikuwa nao, yaani ratiba na cheti.

Sasa niingie katika jambo linalonikera. Tukisema mafunzo ya kazi za sanaa, mawazo yetu hukimbilia kwa mwimbaji aliyesimama mbele, aliyevaa vizuri. Kila Februari, Ngome Kongwe inapojaa watu kwa tamasha la Sauti za Busara, lililoanza mwaka 2004, mtu mwenye subira ya kuzunguka nyuma ya jukwaa atakuta kijiji kizima ambacho hadhira haikioni: fundi wa sauti, fundi wa taa, msimamizi wa jukwaa aliyeshika saa, wabeba vyombo, mshoni mwenye sindano mdomoni, muuza tiketi, mhasibu, mfasiri, na mtu ambaye kazi yake yote ni kuhakikisha kwamba mwimbaji amefika. Wote hao ni watu wa muziki, na wengi wao, wakipata kazi ya mwaka mzima, hula kwa utulivu kuliko mwimbaji. Ukumbi uliofufuliwa bila hao ni jahazi lililopigwa deheni likaachwa juu ya magogo bila nahodha wala baharia. Watu watalisifu kwa kulitazama, na maji halitayaona.

Tena kuna fundi mmoja ambaye sijamsikia akitajwa katika mkutano wowote, naye ni fundi wa ala. Kanuni ina nyuzi zaidi ya sabini, aghalabu tatu tatu kwa kila sauti, na daraja lake hukalia vipande vya ngozi, ya samaki au ya mbuzi. Ngozi ni ngozi. Ikikaa katika hewa yetu ya chumvi, masika yakaingia, hulegea, na daraja likishuka kwa unene wa kucha tu, nyuzi zote sabini na ushei hupotea njia pamoja. Ndiyo maana mnamwona mpiga kanuni amefika kabla ya wenziwe wote, ameinama, anakaza, anasikiliza, anakaza tena. Ala yenyewe aghalabu hutoka Misri au Uturuki, na ikipasuka hungoja mpaka apatikane msafiri mwenye moyo wa kuibeba. Haya yanatokea katika mji ambao mafundi wake huchonga milango inayopigwa picha na dunia nzima, mji wenye watu wanaojua ubao gani huvimba na upi hauvimbi, watu wanaoweza kuchonga ua la yungiyungi kwa patasi bila kuchora kwanza. Umbali kutoka karakana ya mlango hadi karakana ya udi si mkubwa. Unahitaji mwalimu, na miaka michache, na mtu wa kununua udi wa kwanza ambao kwa yakini hautakuwa mzuri. Mamlaka yetu ya Mafunzo ya Amali inafundisha useremala. Sioni kwa nini seremala wa ala asiwe miongoni mwa wanagenzi wake.

Kuhusu kuta zenyewe nitasema machache, kwa sababu hapo mafunzo yalishafanyika na yalifaa. Dispensari Kongwe, ile nyumba ya Tharia Topan yenye roshani zilizotariziwa kwa mbao, ilipofanyiwa matengenezo na Aga Khan Trust for Culture katika miaka ya 1990, mafundi wa hapa walifunzwa upya, kazini papo hapo, amali za kale za chokaa na za mbao. Ilibidi. Ukuta wa mawe ya matumbawe ukipakwa saruji hushindwa kutoa unyevu, chumvi hubaki ndani, na ukuta huliwa moyo huku uso wake unang'aa. Yule aliyejifunza kupika chokaa katika nyumba ile aliondoka na ujuzi wa kuponya nyumba nyingine, na jengo likawa limelipa deni lake mara mbili. Nataka hesabu hiyo hiyo itumike kwa muziki.

Lakini nani alipe? Hapa ndipo mazungumzo mengi hugeuka kuwa dua. Chuo nilichokitaja kiliishi, kwa sehemu kubwa, kwa misaada ya wafadhili wa ng'ambo, na mwaka 2019 habari zikaenea, hapa na nje, kwamba wafadhili wameondoka na kwamba milango i karibu kufungwa kwa ukosefu wa fedha. Katika mwaka huo huo wa 2019 visiwa vyetu vilipokea wageni zaidi ya nusu milioni. Ziwekeni habari hizo mbili kando kwa kando. Mgeni anaalikwa Unguja kwa picha ya mpiga udi, anakaribishwa uwanja wa ndege kwa sauti ya udi, anakula pweza hotelini akisikia udi, na katika safari hiyo yote hapana mahali ambapo kodi, ada, au hata sadaka inayotokana na fedha yake inamfikia mwenye kumfundisha mpiga udi. Biashara ya karafuu isingaliendeshwa hivyo hata mwaka mmoja. Mikarafuu ilipandwa na kupaliliwa kabla ya kuvunwa, ama kwa kazi ya haki, ama kwa kazi ya dhuluma.

Sitaji hoteli yoyote, na wapo wenye hoteli waungwana. Nawasemea wapigaji wenyewe, ambao wengi wao hulipwa kwa usiku, bila mkataba, na huambiwa wapige polepole wasije wakawasumbua walaji. Taarabu si muziki wa kulia chakula. Huanza kwa bashrafu, ambayo ni ala tupu na haina haraka. Kisha wimbo huingia, beti huja na kiitikio, na msikilizaji aliyeguswa husimama kwenda kumtunza mwimbaji mbele ya watu, kwa sababu ubeti fulani umemsemea siri yake. Likateni hilo liwe dakika nne baina ya supu na samaki, mtabakiwa na tuni. Wapo wenzangu wanaosema kwamba, kwa hiyo, vijana wakatae hoteli. Mimi siafikiani nao, maana ni rahisi kukataa hoteli ukiwa na pensheni. Rai yangu ni kwamba mwanafunzi wa muziki afundishwe, pamoja na maqamu, kusoma mkataba, kutaja bei yake bila kuinama, kuandika hesabu ya kundi, na kujua haki yake pindi sauti yake inaporekodiwa. Kisha awe na ukumbi mjini ambamo bashrafu inapigwa mpaka mwisho, ili hoteli iwe ni kazi anayoifanya, isiwe ndiyo sanaa anayoijua.

Basi nirudi Majestic, na kwa kuwa ujenzi wa namna hiyo huchukua miaka, miaka hiyo isipotee bure. Kijana atakayekuwa fundi wa taa na awe mwanagenzi wa fundi umeme tangu siku waya wa kwanza unapolazwa ukutani, ili siku ya ufunguzi ajue kila waya unapita wapi, kuliko kuajiriwa baadaye na kukabidhiwa nyumba kama mgeni aliyekabidhiwa chumba. Wa sauti naye apimwe masikio yake ndani ya ukumbi mtupu, wakati bado inawezekana kubadilisha ubao wa dari, kwa sababu mwangwi ukishajengwa hauondolewi kwa kununua spika kubwa zaidi. Maonyesho ya wanawake yarejeshwe, mchana, na jukwaa lote, tangu tiketi hadi pazia, liendeshwe na mabinti waliofunzwa. Sidhani kwamba viti vitabaki wazi. Ushuru wanaotozwa wageni ukatwe fungu, hata likiwa dogo, lisiloguswa kwa kazi nyingine, likalipe walimu. Na vyama vya kale, Ikhwani Safaa, Culture na vinginevyo, viwe na usiku wao humo bila kulipa kodi ya ukumbi, kwa sharti kwamba kila chama kilete vijana wake waketi nyuma, kama zamani.

Nimekwisha kuambiwa kwamba haya ni mambo ya baadaye, kwamba kwanza lipatikane paa. Jawabu langu ni kwamba fedha za paa hutafutwa mara moja, kwa hotuba na picha, na anayezitoa hupata jina lake ukutani. Mshahara wa fundi wa taa hutafutwa kila mwezi, na hapana atakayeuandikia kibao cha shaba. Kwa hiyo uandikwe katika makadirio ya fedha sasa, wakati hamasa ingali moto, juu ya mstari wa bei ya pazia, wala si chini yake.